Nani Aliitunza Barua ya Ajira?

Mjadala wa kikokotoo cha mafao ulipopamba moto mwaka 2018, kisha ukarudi mwaka 2022, wengi waliuendesha kama jambo la hesabu. Mkupuo uwe asilimia 25 au 33? Kinachobaki kitalipwa kwa muda gani, na mstaafu ataishi miaka mingapi akile? Ni maswali halali, na walioyauliza walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini mimi, ambaye usomaji wangu wa miaka mingi umeelekea kwenye habari za makuli wa bandarini, manamba wa mkonge na watumishi wa reli, mjadala ule uliniamshia kumbukumbu nyingine: wastaafu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani, na jinsi madai yao yalivyochukua umri wa mtu mzima kabla ya kupata jibu. Nikarudi kwenye yale niliyokwisha kuyasoma, safari hii nikiwa na swali moja tu. Mfanyakazi anapodai haki yake miongo mitatu baada ya kazi kwisha, ushahidi wake unakuwa umelala wapi, na nani aliamua ulale hapo?

Jumuiya ilivunjika mwaka 1977. Reli, bandari, posta na simu, na shirika la ndege vikagawanywa baina ya Kenya, Uganda na Tanzania, na maelfu ya watu wakajikuta watumishi wa mwajiri ambaye hayupo tena. Mapatano ya kugawana mali na madeni, yaliyosuluhishwa na Victor Umbricht kutoka Uswisi, yalitiwa saini mwaka 1984, na miongoni mwa mambo yaliyomo ni wajibu wa kila nchi kuhusu pensheni za watu wake waliotumikia mashirika yale. Kwa upande wa Tanzania shauri lilifika Mahakama Kuu mwaka 2003 likiwa na wadai zaidi ya 31,000, na mwaka 2005 ikafikiwa hati ya mapatano. Hata hapo malalamiko hayakukoma. Nani alikuwa sahihi katika kila kipengele cha shauri lile si jambo ninalotaka kuliamua hapa. Kinachonihusu ni tabia ya madai ya namna hii: hoja zote za haki na za huruma huishia kwenye karatasi. Barua ya ajira, tarehe ya kuthibitishwa kazini, ngazi ya mwisho ya mshahara, makato ya mfuko wa akiba. Mwenye karatasi hizo ni mdai. Asiye nazo ni mzee anayesimulia.

Ndiyo maana nasema kwamba historia ya wafanyakazi, kabla haijawa somo la chuo kikuu, ni ushahidi, na maktaba inayoitunza iko jirani na mahakama kuliko ilivyo jirani na jumba la makumbusho. Hoja yangu inakwenda hatua moja zaidi. Naamini maktaba haiwezi kuitunza historia hiyo ipasavyo ikiwa haiwahudumii wafanyakazi wenyewe. Makaratasi ya mwajiri yana masijala, yana karani, yana sheria inayosema yatunzwe miaka mingapi. Makaratasi ya kuli yako kwenye bahasha chini ya godoro. Bahasha hiyo haifiki maktaba kwa waraka wa wizara. Inafika kwa kuaminiana, na watu huamini mahali walipowahi kuingia, wakakaa, wakasaidiwa. Maktaba ambayo haijawahi kumfaa mtu akiwa hai haina sababu ya kutarajia urithi wake akifa. Wapo watakaoniambia kwamba nimegeuza mkokoteni, kwamba kwanza tukusanye nyaraka na wasomaji watakuja baadaye. Nyaraka zenyewe, kwa ninavyozisoma, zinashuhudia kinyume.

Tuanze na Mombasa. Migomo ya mwaka 1939 ilizaa Tume ya Willan, iliyochunguza hali ya kazi na makazi mjini. Mgomo mkuu wa Januari 1947 ulisimamisha bandari, reli, hoteli na kazi za nyumbani kwa muda wa siku kumi na mbili, watu wapatao 15,000 wakiwa wameweka zana chini, na mikutano ikifanyika mahali palipopata jina la Kiwanja cha Maskini. Humo likazaliwa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, Chege Kibachia akawa kiongozi wake, na kabla mwaka haujaisha akawa amekamatwa na kupelekwa kizuizini Baringo. Mengi ya haya tunayajua kwa sababu serikali ya kikoloni iliogopa, na serikali inayoogopa huandika sana. Ripoti za tume, barua za maofisa wa kazi, taarifa za makachero waliokaa mikutanoni wakinakili hotuba: hayo ndiyo yaliyomwezesha Frederick Cooper kuandika kitabu chake cha mwaka 1987 juu ya bandari ya Mombasa, na hayo hayo, kwa upande wa Dar es Salaam, ndiyo yaliyomfaa John Iliffe alipoandika mwaka 1970 juu ya makuli waliogoma mwaka 1939, 1943 na 1947. Anayesema kwamba nyaraka za serikali hazina faida kwa historia ya wafanyakazi hajazisoma. Tume zilihoji watu, na katikati ya Kiingereza cha katibu unamsikia mtu akitaja kodi ya chumba na bei ya unga.

Ila tazama unachokipata na unachokikosa. Kachero aliandika hotuba ya kiwanjani. Hakuandika kikao cha usiku kilichoamua hotuba hiyo itolewe. Ofisa wa kazi alihesabu waliogoma. Hakuhesabu ni kina mama wangapi waliokopesha chakula ili nyumba za wagomaji zisilale njaa. Faili linaanza pale bosi alipoanza kuudhika na linafungwa pale kazi iliporudi, kana kwamba mfanyakazi huwepo duniani kwa vipindi vya mgomo tu. Na mtu aliyefanya kazi miaka ishirini gatini bila kugoma wala kuumia hana faili kabisa. Historia iliyojengwa kwa majalada ya upande mmoja inaweza kuwa ya kweli katika kila sentensi na bado ikapotosha kwa jumla yake. Waandishi wazuri wamelijua hilo, ndiyo maana Iliffe na wenzake walitafuta wazee wa kuwahoji. Lakini mahojiano hufanyika mara moja, na wazee wale hawapo tena.

Linganisha na urithi wa Makhan Singh. Huyu alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaja Kenya akiwa kijana, akafanya kazi katika kiwanda cha uchapaji cha baba yake Nairobi, na mwaka 1935 akawa katibu wa chama kilichokuja kuitwa Labour Trade Union of Kenya. Mwaka 1949 yeye na Fred Kubai waliunda shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki. Aprili 1950, katika mkutano wa Ukumbi wa Kaloleni, alitaka hadharani uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata akakamatwa, akabaki kizuizini hadi mwaka 1961. Mtu wa matbaa huwa na mazoea ambayo wanasiasa wengi hawana: hutunza nakala. Vijikaratasi vya matangazo vya lugha mbalimbali, kumbukumbu za vikao, barua, orodha za wanachama. Kwa akiba hiyo aliweza kuchapisha, mwaka 1969, historia ya vyama vya wafanyakazi vya Kenya hadi mwaka 1952, na makaratasi yake leo yako Chuo Kikuu cha Nairobi. Mtafiti anayesoma majalada ya polisi na makaratasi haya pamoja anakuwa na pande mbili za kesi. Akisoma majalada peke yake, ana mashtaka bila utetezi.

Mtu anaweza kuupindua mfano huu dhidi yangu. Makhan Singh alitunza karatasi zake bila msaada wa maktaba yoyote. Basi bidii ya mtu mmoja ndiyo siri, na maktaba ni ghala tu la mwishoni. Ni kweli kwa Makhan Singh. Lakini ni wangapi walikuwa na matbaa ya familia? Historia inayotegemea mtu mmoja mwenye bidii isiyo ya kawaida itakuwa na shimo popote alipokosekana mtu huyo, na alikosekana sehemu nyingi: kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, kwenye pamba, kwenye kazi za ndani. Manamba alikuwa na kipande chake, kadi ya kuandikiwa siku alizofanya kazi, na kipande kilipojaa na kulipwa hakikuwa na thamani tena kwa yeyote. Mtu angefikiria kukitunza ikiwa tu kulikuwa na mahali palipomwambia kwamba kina thamani, na mahali hapo hapakuwepo.

Hapakuwepo kwa makusudi, mara nyingine. Maktaba ya McMillan ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931, jengo la fahari lenye nguzo na simba wa mawe mlangoni, na hadi miaka ya mwisho ya 1950 ilikuwa ya Wazungu peke yao. Wafanyakazi wa reli na wa manispaa waliojaa mtaa wa Kaloleni, walioujenga mji kwa mikono, hawakuwa na ruhusa ya kupanda ngazi zile. Sishangai basi kwamba karatasi zao hazimo. Baadaye McMillan ilipata matawi Kaloleni na Makadara, katika mitaa ya wafanyakazi yenyewe, na miaka ya karibuni matawi hayo yamekarabatiwa kwa juhudi za taasisi ya Book Bunk pamoja na serikali ya jiji, watu wa mtaani wakialikwa kusema wanataka maktaba yao iwe na nini. Tawi la Kaloleni liko mtaa mmoja na ukumbi ule wa mwaka 1950. Ikiwa kuna familia yenye kadi ya zamani ya chama cha wafanyakazi sandukuni, uwezekano wa kadi hiyo kufikia rafu ya Kaloleni ni mkubwa kuliko wa kufikia jengo lenye simba. Huu ni ubashiri wangu. Lakini sehemu nyingine umekwisha kuthibitika.

Mjini Salford, Uingereza, kuna maktaba ya harakati za wafanyakazi iliyoanzishwa na mume na mke, Edmund na Ruth Frow, yeye fundi mitambo na mwanachama wa chama cha mafundi, mkewe mwalimu. Kuanzia miaka ya 1950 walikusanya vitabu, mabango, kumbukumbu za matawi na beji mpaka nyumba yao ikajaa, na mwaka 1987 halmashauri ya Salford ikawapa jengo. Watu waliwapa vitu ambavyo wasingempa profesa, kwa kuwa waliwajua kwenye chama. Kusini mwa Wales wachimba makaa walifanya makubwa zaidi: walikubali kukatwa senti chache kwenye mishahara yao ili kujenga kumbi zenye maktaba, na katika maktaba ya namna hiyo mjini Tredegar alisoma Aneurin Bevan, aliyeanza kazi mgodini akiwa mtoto na ambaye mwaka 1948, akiwa waziri, aliasisi huduma ya afya ya taifa. Migodi ilipoanza kufungwa, vitabu vingi viliuzwa na kutawanyika. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Swansea kikaanzisha maktaba ya wachimba makaa kuokoa vilivyobaki. Maktaba zile za migodini zilitunza historia kwa sababu wanachama walikuwa humo kila siku, na zikaipoteza walipoondoka. Sijui mfano ulio wazi kuliko huo wa jinsi hifadhi inavyofuata huduma.

Kwetu Tanzania tatizo lina sura yake. Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika, TFL, lililoundwa mwaka 1955 na ambalo Rashidi Kawawa alilitumikia kabla ya kuingia serikalini, lilivunjwa kwa sheria mwaka 1964 baada ya maasi ya wanajeshi. Ikaja NUTA, mwaka 1978 ikawa JUWATA, kisha OTTU, kisha vyama vikatengana na kuungana upya chini ya TUCTA. Sitaki hapa kufufua ugomvi wa kama chama kimoja chini ya chama tawala kilimfaa mfanyakazi. Nina maoni yangu na wengine wana yao. Kila jina jipya lilimaanisha ofisi mpya, katibu mpya, na makabati kuhamishwa, na kila anayehama nyumba anajua kinachoachwa nyuma. Wanaosema vyama vitunze vyenyewe nyaraka zao wanasahau kwamba chama ni chombo cha mapambano, na chombo cha mapambano huvunjwa, huunganishwa, hugawanyika. Chama cha makuli cha Dar es Salaam kilichozaliwa baada ya mgomo wa mwaka 1947 hakikumaliza mwaka 1950. Kingemkabidhi nani daftari zake? Maktaba ya umma ndiyo yenye umri mrefu. Gazeti la Mfanyakazi, lililokuwa sauti ya NUTA na baadaye JUWATA, linasomeka leo kwa sababu lilichapishwa, na kilichochapishwa kina sheria inayodai nakala ipelekwe maktaba. Muhtasari wa kikao cha tawi la kiwandani hauna sheria hiyo.

Kuna pingamizi ninalolisikia mara nyingi kuliko mengine, kwamba wafanyakazi wetu hawasomi, wanachotaka ni mshahara, na kwamba fedha za rafu zingenunua dawa. Sehemu ya kwanza si kweli kihistoria. Sensa ya Tanzania ya mwaka 1967 ilionyesha kuwa karibu watu wazima 67 kati ya 100 hawakujua kusoma. Kufikia mwaka 1986, kwa takwimu za Serikali, walikuwa chini ya kumi. Watu waliokaa madarasani jioni baada ya kazi, waliokusanyika kwenye vikundi vya kusikiliza redio wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, hawakuwa watu wasiopenda kusoma. Kilichofuata ni njaa ya maandishi: karatasi ikaadimika, maktaba za vijiji zikakosa vitabu vipya, na mtu aliyefundishwa herufi akabaki bila cha kusoma. Kumlaumu baada ya hapo ni uonevu. Sehemu ya pili, ya dawa, ni nzito zaidi na siwezi kuipuuza. Nasema tu kwamba gharama kubwa ya maktaba, yaani jengo na mishahara, tayari inalipwa. Maktaba Kuu ya Taifa ipo tangu mwaka 1967, maktaba za mikoa zipo, na nchini Kenya Katiba ya 2010 imezipa kaunti jukumu hilo. Kinachokosekana ni kuamua kwamba mtumiaji wake mmojawapo ni mtu wa zamu.

Uamuzi huo una mambo yake mahususi. Maktaba inayofungwa jioni mapema imemfungia mlango mtu anayetoka kazini saa kumi na moja, na inabaki kuwa chumba cha wanafunzi kujisomea mitihani. Kazi njema, lakini ni nusu. Kisha kuna lugha. Sheria za kazi za Tanzania kwa miaka mingi zilisomeka kwa Kiingereza, hata kwa mlinzi na mpishi ambao ziliwahusu. Mabadiliko ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kuifikisha tafsiri kwa mtu bado ni kazi ya mtu fulani. Kuna pia muda. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo huisha mtu akiwa bado anauliza kwa jirani. Mkutubi anayejua iliko fomu, iliko sheria, na ulipo mkataba wa hali bora wa kiwanda husika, hahitaji kuwa wakili ili kumfaa mtu huyu. Na mtu aliyefaidi hivyo, miaka ishirini baadaye, akiulizwa kama yuko tayari barua zake ziwekwe mahali salama, atajua anaulizwa na nani.

Watu wa teknolojia watasema haya yote yamepitwa, kila kitu kitawekwa kwenye intaneti. Nashukuru kwa yaliyokwisha kuwekwa: mtandao wa TanzLII unatoa hukumu bure, na mtu mwenye simu anaweza kusoma uamuzi wa shauri la kazi ambao zamani ulikaa kwenye ofisi za mawakili. Lakini kupiga picha karatasi kunahitaji kwanza karatasi iwepo, na kompyuta haiendi nyumba kwa nyumba kuuliza. Isitoshe, wanaochagua nini kipigwe picha huanza na kilichokwisha kupangwa, yaani majalada ya serikali na ya makampuni. Tukienda hivyo tutakuwa tumeurudisha upande mmoja wa kesi kwa kasi kubwa zaidi, na kijana atakayetafuta mgomo wa bandari kwenye simu yake atakutana na kachero kwanza.

Jambo ambalo teknolojia imelibadilisha kweli ni mahali karatasi zinapozaliwa. Mwaka 2022, mamlaka ya usafiri LATRA ilipoweka ukomo wa asilimia 15 kwa kamisheni inayokatwa madereva wa teksi za mtandaoni, na kampuni zikapinga, mazungumzo ya madereva hayakuandikwa kwenye daftari lolote. Yalikuwa kwenye makundi ya WhatsApp: sauti zilizorekodiwa, picha za makato, orodha za michango ya mwenzao aliyepata ajali. Hicho ndicho kipande na ndiyo kumbukumbu ya kikao ya kizazi hiki, na simu ikiibwa au ikijaa vinafutika. Maktaba inayotaka kuvihifadhi itakuwa na kazi ambayo hakuna sheria ya amana ya vitabu inayoisaidia: kumpata admini wa kundi, kukubaliana naye majina yapi yafichwe na kwa miaka mingapi mafaili yafungwe, na nani baada yake awe na idhini ya kuyafungua. Admini huyo ni dereva, na anapumzika saa za mchana joto linapokuwa kali na abiria wachache. Saa hizo maktaba zetu ziko wazi, zina viti, zina feni, na mara nyingi zina nafasi ya kuegesha gari.